Kuijenga Upya na Kuizindua Tena Programu Ndogo: Mwongozo kwa Mtengenezaji wa Kiogoro

Programu ya kando ni programu ya kompyuta au ya simu inayotengenezwa na mtu mmoja, au na watu wawili watatu, nje ya saa za kazi inayowapa riziki, bila mwekezaji, bila ofisi na mara nyingi bila mpango wa biashara ulioandikwa. Programu za namna hii hufa kwa wingi, na nyingi hazifi kwa kuwa zilikuwa mbovu, bali kwa kuwa mwenyewe alihamia mji mwingine, alipata ajira iliyommalizia muda, au alishindwa kulipia seva, yaani kompyuta ya kukodi inayoihifadhi programu na kuihudumia mchana na usiku. Katika kata ya Kiogoro, eneo bunge la Nyaribari Chache, ambako mji wa Kisii uko karibu na Chuo Kikuu cha Kisii kimekuwa na hati yake tangu 2013, mtu anayejua kuandika programu si adimu tena; adimu ni yule aliyeirudia kazi yake ya zamani akaiinua.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Ili maelezo yasielee hewani, mfano mmoja wa kubuni utatumika kote: programu ya daftari la chama cha kuweka akiba, inayoandika michango, mikopo na faini za wanachama, iliyotengenezwa mwaka wa 2018, ikatumiwa na vyama kadhaa vya Kiogoro na Keumbu, kisha ikaachwa. Msomaji mwenye programu ya hesabu za maziwa, ya karo au ya ndizi zinazopelekwa soko la Daraja Mbili ataona kuwa matatizo ni yaleyale.

Kabla ya kugusa msimbo

Hatua ya kwanza ni kuiokoa data. Msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate, unaweza kuandikwa tena na mtu yeyote mwenye ujuzi, lakini rekodi ya mama aliyechangia shilingi mia mbili kila wiki kwa miezi kumi na minane haiwezi kuandikwa tena na yeyote. Kwa hiyo, kabla ya kufungua faili hata moja ya msimbo, inampasa mtengenezaji kulipia deni la seva ikiwa bado ipo, kuitoa hifadhidata nzima, yaani ghala la taarifa ambalo programu husoma na kuandikia, na kuiweka mahali pasipopungua patatu: kwenye kompyuta yake, kwenye diski ya nje, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tahadhari hii ina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambazo ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa radi mara kwa mara. Kompyuta iliyoachwa kwenye umeme wakati wa mvua ya alasiri inaweza kuungua pamoja na nakala pekee iliyokuwepo, na diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo haihesabiwi kuwa nakala ya pili.

Sambamba na data ni kikoa, yaani jina ambalo programu hutafutwa kwalo mtandaoni. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC na hukodishwa kwa muda maalumu kupitia mawakala; jina lisipolipiwa hurudi sokoni, na aliyelichukua hana wajibu wa kulirudisha. Ikiwa jina la zamani limekwenda, ni afadhali kujua mapema kuliko kuligundua baada ya kuchapisha mabango.

Baada ya hapo mtengenezaji aifunge kompyuta na kuwaendea waliokuwa wakiitumia programu. Mtu wa kuonwa kwanza ni mweka hazina wa chama, wala si mwenyekiti, kwa kuwa mweka hazina ndiye aliyebaki na mzigo programu ilipokufa. Inafaa aombwe aoneshe anachokitumia sasa, na mara nyingi kitakuwa daftari la kurasa mia mbili lililopigwa mistari kwa rula, majina upande wa kushoto, tarehe za mikutano juu, alama ya vema kwa aliyelipa na duara kwa anayedaiwa, pamoja na kundi la WhatsApp ambamo picha ya ukurasa hutumwa baada ya kila mkutano ili kila mtu ajionee. Daftari hilo ndilo mpinzani halisi wa programu, na lina sifa ambazo watengenezaji wengi hawazithamini: halihitaji bando, halisahau nywila, na mtu akibisha linafunguliwa mbele ya wote. Programu itakayorudi ikiwa haina njia rahisi ya kuwaonesha wanachama wote hesabu ileile kwa wakati mmoja itashindwa na daftari, na itastahili kushindwa.

Swali la kuulizwa katika ziara hiyo ni kile ambacho watu walikuwa wakikitumia kweli, wala si kile wanachotamani kiongezwe, kwa sababu matamanio hayana mwisho ilhali matumizi huonekana kwenye rekodi. Historia ya M-Pesa ni ushahidi mzuri. Majaribio yake yalipoanza mwezi Oktoba 2005, shabaha ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Lakini ilionekana kuwa watu walikuwa wakiutumia mfumo kutumiana fedha wao kwa wao, na taratibu za mikopo zilikuwa nzito kwa pande zote. Huduma ilipozinduliwa kwa umma mwezi Machi 2007, mambo ya mikopo yalikuwa yameondolewa na ikabaki kazi moja ya kutuma fedha. Kilichozinduliwa kilikuwa kidogo kuliko kilichojaribiwa. Katika daftari la chama, inawezekana kabisa kwamba michoro, kalenda na ukurasa wa habari havikuwahi kufunguliwa na mtu, na kwamba wanachama walihitaji jambo moja tu: ujumbe unaosema nani amelipa kiasi gani na amebakiza kiasi gani.

Kukarabati au kuandika upya

Mtengenezaji anayeufungua msimbo wake baada ya miaka kadhaa huuonea haya, na haya hiyo humsukuma autupe wote na kuanza upya. Frederick Brooks, aliyesimamia mradi mkubwa wa programu katika kampuni ya IBM, alionya katika kitabu chake cha 1975, *The Mythical Man-Month*, kwamba mfumo wa pili ndio wa hatari zaidi katika maisha ya mbunifu, kwa kuwa humo huingizwa mapambo yote yaliyozuiliwa katika ule wa kwanza. Mfano unaotajwa sana ni wa kivinjari cha Netscape, ambacho waliokimiliki waliamua kuandika upya sehemu kubwa yake. Toleo la tano halikutoka kamwe, toleo la sita lilitoka mwezi Novemba 2000 baada ya kusubiriwa kwa muda mrefu, na katika kipindi hicho soko lilikuwa limekwenda kwa Microsoft. Kampuni yenye mamia ya wahandisi iliumia. Mtu mmoja anayefanya kazi kwa saa mbili kila usiku baada ya kazi ya mchana hana sababu ya kujidhania kuwa ataokoka.

Hata hivyo, kuandika upya si kosa siku zote. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za matukio na kuzionesha kwenye ramani, ilitengenezwa kwa haraka mno mwezi Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na kikundi cha watu wa kujitolea wakiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Mwaka huohuo iliandikwa upya, na toleo la majaribio likatumiwa mashariki mwa Kongo kabla ya mwaka kwisha. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa lengo lenyewe lilibadilika: cha kwanza kilikuwa ramani moja ya nchi moja, na cha pili kilikuwa chombo ambacho mtu yeyote angeweza kukisimika popote. Kipimo kinachofaa basi ni hiki: lengo likibaki lilelile, msimbo ukarabatiwe, lengo likibadilika, msimbo uandikwe upya, na hata hapo data ya zamani ibebwe nzima.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, ambayo mhandisi Martin Fowler aliipa mwaka wa 2004 jina la mti wa jamii ya mkuyu unaoota juu ya mti mwingine, ukaushukia kwa mizizi, na mwishowe kusimama mahali pake. Kwa njia hii programu ya zamani huachwa ikiendelea kufanya kazi, na sehemu moja tu huandikwa upya kwa wakati mmoja: leo ukurasa wa michango, mwezi ujao ukurasa wa mikopo, mpaka hakuna kilichobaki cha zamani. Kwa mtu wa programu ya kando ndiyo njia yenye busara kuliko zote, kwa sababu shughuli ikimbana katikati ya safari, kilichopo kinaendelea kutumika.

Kuna ukarabati usio na hiari. Programu iliyoandikwa kwa PHP ya toleo la 5.6, kama zilivyokuwa nyingi za 2018, imeegemea lugha ambayo marekebisho yake ya usalama yalikoma tarehe 31 Desemba 2018, na hata toleo la 7.4 lilifikia kikomo hicho mwezi Novemba 2022. Kuirudisha hewani bila kuihamishia kwenye toleo linalotunzwa ni kuwaalika wezi. Vivyo hivyo, funguo za siri za kuunganishia malipo zilizoandikwa ndani ya msimbo, na pengine kupakiwa mtandaoni mahali pa wazi, zihesabiwe kuwa zimeibwa na zibadilishwe zote. Msimbo wenyewe uwekwe kwenye Git, mfumo uliotungwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005 wa kutunza kila hatua ya mabadiliko, ili kila kosa litakalofanywa usiku liweze kutenguliwa asubuhi.

Mahali ambapo programu ya chama huvunjika

Nambari ya simu ndiyo dosari ya kwanza kutafutwa. Programu nyingi za zamani zilikagua kwamba nambari inaanza na 07, zikikataa nyingine zote. Lakini tangu 2019 nambari zinazoanza na 01 zimekuwa zikitolewa nchini, na mwanachama mwenye nambari hiyo huambiwa amekosea ilhali hajakosea. Msimbo mpya upokee nambari kwa sura zote ambazo watu huziandika, kwa 07, kwa 01, kwa 254 na kwa alama ya kujumlisha, kisha uzigeuze zote ziwe sura moja kabla ya kuzihifadhi. Ukaguzi huo ufanywe pia kwa data ya zamani, ambamo mtu mmoja huenda ameandikwa mara mbili kwa sura mbili za nambari ileile.

Jina nalo si kitambulisho. Chama cha wanawake thelathini katika Kiogoro kinaweza kuwa na akina Kerubo watatu na akina Nyaboke wanne, na wawili kati yao wakawa na jina la Kizungu moja. Simu pia haitoshi, kwa kuwa watu hubadilisha laini na wengine hutumia simu ya mume au ya binti. Kinachodumu ni nambari ya uanachama inayotolewa na chama chenyewe, ambayo kwa kawaida tayari imo daftarini kama nambari ya mstari. Programu iichukue hiyo badala ya kubuni yake.

Upande wa malipo unahitaji uangalifu mkubwa kuliko wote. Safaricom ilifungua mwaka wa 2017 mlango uitwao Daraja, ambao programu nyingine hupitia kuzungumza na M-Pesa: programu hutuma ombi, kidirisha hujitokeza kwenye simu ya mwanachama kikimtaka aweke nambari yake ya siri, na matokeo hurudishwa kwenye seva ya programu. Ubovu wa matoleo ya kwanza mara nyingi uko katika hatua hiyo ya mwisho. Seva ikiwa imezimika wakati jibu linapofika, mwanachama aliyelipa huonekana hajalipa, na jibu lilelile likifika mara mbili, huonekana amelipa maradufu. Dawa yake inajulikana: kila ombi liandikwe kwenye hifadhidata kabla ya kutumwa, ombi lisilojibiwa liulizwe hali yake baada ya muda mfupi, msimbo wa muamala, zile herufi na tarakimu kumi zinazotangulia ujumbe wa M-Pesa, uwekwe kuwa wa pekee ili usiweze kuandikwa mara mbili, na kila usiku hesabu ya programu ilinganishwe na taarifa ya akaunti. Fedha zenyewe zihifadhiwe kama nambari kamili za senti, kwa kuwa kompyuta inayohesabu kwa desimali huleta tofauti ndogondogo ambazo mweka hazina atatakiwa kuzieleza mbele ya kikao.

Ujumbe mfupi ungali njia ya uhakika ya kumfikia mwanachama mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, lakini ikiingia alama moja isiyo katika orodha ya kawaida ya simu, kama vile alama ya kunukuu iliyopinda iliyonakiliwa kutoka kwenye programu ya uandishi, nafasi hushuka hadi herufi 70, ujumbe hukatwa vipande, na gharama hupanda bila mtu kujua sababu. Kiswahili na Ekegusii huandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo hakuna kinachozuia ujumbe kuwa katika lugha ambayo mwanachama anaielewa vyema, alimradi maneno yapimwe.

Sheria, na kikomo cha kushika fedha

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata mtengenezaji wa peke yake. Kanuni za usajili za 2021 huwasamehe wenye mapato ya mwaka yasiyofikia shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika kumi, lakini msamaha huo hauwafikii wanaotoa huduma za kifedha, afya, elimu na nyingine zilizotajwa, na programu ya chama iko karibu mno na mpaka huo kwa mtu kujifariji kwa msamaha. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Rekodi za vyama vilivyovunjika au ambavyo havitaki kuendelea zifutwe baada ya kukabidhiwa wenyewe. Kuzihifadhi kwa sababu tu huenda zikafaa siku moja ni kujibebesha dhima bila malipo.

Fedha za wanachama ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya chama, na zisipite hata siku moja kwenye akaunti ya mtengenezaji, hata ikiwa njia hiyo ni rahisi zaidi kuiunda. Programu inayoandika ni daftari. Programu inayoshika fedha za watu ni jambo jingine, lenye leseni na wasimamizi wake.

Kuzindua mara ya pili

Uzinduzi wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa kuwa watu wanaombwa kukiamini kitu kilichowahi kuwaangusha. Ujumbe wa kwanza kwa watumiaji wa zamani useme wazi kwamba huduma ilikoma, kwamba rekodi zao zipo au hazipo, kwamba wanaweza kuzipata hata kama hawatarudi, na ni nani wa kupigiwa simu. Sifa za programu zinaweza kungoja.

Wakati wa kuzindua hauchaguliwi na mtengenezaji, huchaguliwa na kalenda ya chama. Vyama vingi hufunga hesabu na kugawana mwezi Desemba, kisha huanza mzunguko mpya Januari. Kwa hiyo anayetaka kupokewa aanze majaribio mwezi Oktoba au Novemba, daftari na programu zikiandikwa sambamba katika mikutano kadhaa, ili kila tofauti ionekane na ielezwe. Kumtaka mweka hazina aliache daftari katikati ya mwaka ni kumtwika hatari isiyo yake. Oktoba ni pia mwezi ambao wakulima wa chai husubiri bonasi ya shirika la chai la KTDA, na kipindi hicho michango na marejesho ya mikopo huongezeka. Ni wakati mzuri wa kuipima programu kwa mzigo wa kweli, ingawa ni wakati mbaya wa kuibadilishia sura.

Anayetaka kuiweka programu kwenye duka la Google Play ajue kwamba akaunti mpya za watu binafsi, zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023, hudaiwa kwanza majaribio ya faragha yenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Sharti hili huwasumbua watengenezaji wengi wasio na wa kuwaomba, lakini mtengenezaji wa programu ya chama anao wanachama wenyewe, ambao ni wajaribu bora kuliko marafiki wa chuoni. Wenye haraka wanaweza kuanza na tovuti nyepesi inayofunguka kwenye kivinjari cha simu, ambayo haihitaji idhini ya duka lolote.

Bei itajwe siku ya kwanza, hata ikiwa ni ndogo, kwa kuwa huduma ya bure ndiyo iliyokosa pesa za seva hapo awali. Inafaa itozwe chama, si mwanachama, na ilipwe kwa mwaka wakati wa kufungua mzunguko, pale fedha zinapokuwa mezani na katibu anaandika kumbukumbu za kikao. Chama kimoja kinacholipa na kulalamika kina faida kuliko vyama ishirini vinavyosifu bila kulipa. Vilevile, programu isipelekwe Keroka, Nyamira wala Nairobi kabla ya chama kimoja cha Kiogoro kumaliza mzunguko mzima wa mwaka, kugawana fedha zake na kukubaliana na hesabu zilizotolewa na programu hadi senti ya mwisho.

Mwisho, mtengenezaji achague mtu wa pili mapema, mwenye nywila za seva, kikoa na hifadhidata katika bahasha iliyofungwa, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo ya jinsi ya kuitoa data na kuwakabidhi wenyewe. Msomaji mwenye programu iliyolala aangalie leo tarehe ya kumalizika kwa seva yake na kwa kikoa chake, atoe nakala ya hifadhidata kabla ya kulala, na wiki hii ampigie simu mweka hazina mmoja.